Kamba Iliyosokotwa Kushoto

Mgeni mmoja aliyekaa wiki mbili katika nyumba ya wageni hapa Kigoma aliondoka akaacha majarida ishirini na moja ya Kiingereza, yote ya vyombo vya matanga, na mwenye nyumba, ambaye anaujua ugonjwa wangu, alinipigia simu niyafuate kabla wapishi hawajaanza kufungia maandazi. Niliyabeba kwa bodaboda hadi nyumbani Mwanga, na kwa miezi miwili sikusoma kitu kingine jioni. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nina mashua ya mita tano yenye tanga moja, ambayo vijana wa Katonga huiita "ile ya mwalimu asiye na hela ya injini", na karibu yote niliyoyajua kuhusu tanga kabla ya kushika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, kwa mkono wangu niliyapata katika majarida ya namna hii. Kwa hiyo ninaposema kwamba yanakosea, sisemi kama mtu anayeyadharau.

Picha iliyonifanya niandike haya ilijaza ukurasa mzima. Ilionyesha mashua mbili za mashindano zimekaribiana nusura zigusane, na mbele kabisa baharia amekaza meno akivuta kamba. Niliipeleka Katonga kwa fundi wangu, kwa sababu nilitaka aone jinsi mlingoti ulivyofungwa. Alikuwa akisindilia pamba kwenye maungio ya mbao na vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa mawese, hivyo nikamshikia jarida mbele ya uso. Mlingoti hakuutazama. Aliitazama kamba, akanyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, kamba hii nani kaisokota?"

Sikumwelewa. Aliokota kipande cha kamba kilichokuwa kwenye mchanga, akakisimamisha wima kati ya vidole viwili, akanionyesha kwa ukucha jinsi nyuzi tatu zinavyopanda: zinatoka chini kushoto zinakwenda juu kulia. Ndivyo zilivyo karibu kamba zote za nyuzi tatu tunazonunua madukani, na ndiyo maana mtu aliyezoea huikunja kamba kwa kuizungusha upande uleule unaokwenda mshale wa saa, maana akiizungusha kinyume inajivuruga na kufanya vifundo. Kamba ya pichani ilipanda kwenda kushoto. Fundi aliendelea kutazama, akaona tarakimu kwenye tanga, akacheka. Mbili ilikuwa imegeuka, imetazama nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza alivyoiandika.

Picha ilikuwa imegeuzwa, yaani kulia kumekuwa kushoto, kama sura ya mtu kwenye kioo. Si vigumu kukisia ilivyotokea. Wasanifu wa kurasa wana desturi ya kutaka mtu au chombo kilicho pichani kielekee ndani ya ukurasa, yaliko maandishi, kisielekee nje kana kwamba kinatoroka jarida, na picha ikielekea upande usiotakiwa, kuigeuza ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Picha ya mlima ikigeuzwa, ni watu wa mlima huo peke yao watakaolalamika. Picha ya mashua mbili zinazokutana ikigeuzwa, aliyekuwa na haki anakuwa mkosaji.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye uzito. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinasema, katika Kanuni ya 12, kwamba vyombo viwili vya tanga vikikaribiana na kila kimoja kinapata upepo kwa upande tofauti, kile kinachopata upepo kwa upande wa kushoto ndicho kinachopaswa kumpisha mwenzake. Vikiwa vinapata upepo kwa upande mmoja, kilichoko juu ya upepo, yaani upande unakotoka upepo, kinampisha kilichoko chini yake. Kanuni hii haiangalii nani ni mkubwa wala nani alitangulia. Maelezo yaliyo chini ya picha ile yalieleza kwa usahihi kabisa kwamba mashua nyekundu ilikuwa na haki kwa kuwa upepo uliiingia kulia. Msomaji akiinua macho kutoka kwenye maelezo anaiona mashua nyekundu ikiingiwa na upepo kushoto. Mwanafunzi makini atajaribu kupatanisha vitu hivyo viwili, atashindwa, na kwa kuwa picha hukaa kichwani kuliko maneno, atabaki na picha. Taa nazo ni vivyo hivyo: nyekundu hukaa kushoto mwa chombo na kijani kulia, duniani kote, na picha ya usiku ikigeuzwa inamfundisha mtu kusoma chombo kinachomjia kana kwamba kinakwenda.

Sasa fikiria idadi ya macho yaliyopita juu ya ukurasa ule kabla haujafika kiwandani. Mwandishi aliona, mhariri aliona, msahihishaji aliona na akahakikisha kila nukta imekaa mahali pake. Kiingereza cha jarida lile hakina doa. Aliyegundua kosa kwa muda usiofika dakika moja ni mzee asiyesoma Kiingereza, kwa sababu yeye alitazama kamba kama kamba.

Siku zilizofuata nilianza kuyasoma majarida yale kwa kisirani, nikiwa na penseli. Katika mojawapo, tena la karibuni, nikakutana na makala ya kurasa nne kuhusu ziwa letu. Mwandishi alikuwa amefika, hilo sina shaka nalo, kwa kuwa alieleza harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani kwa namna ambayo mtu hawezi kuibuni. Hata hivyo penseli yangu ilichoka.

Aliandika kwamba kina cha Ziwa Tanganyika ni futi 1,470. Ni mita 1,470, ambazo ni zaidi ya futi 4,800, na ni ziwa moja tu duniani, Baikal, linalolizidi kina. Aliandika kwamba urefu wake ni maili 418 za baharini. Ziwa lina kilomita zipatazo 673, ambazo ni maili 418 za nchi kavu, lakini maili ya baharini ina mita 1,852 wakati ile ya nchi kavu ina mita 1,609, kwa hiyo za baharini ni kama 363. Tofauti ya maili 55 ni saa kumi na moja za safari kwa mashua inayokwenda noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa. Katika kosa hili msafiri ana bahati, kwa kuwa atabeba chakula cha ziada. Likigeuka, akapewa maili mia za baharini akadhani ni za nchi kavu, atajikuta yuko kilomita 24 nje ya bandari na pipa la mafuta limekauka. Halafu kulikuwa na "noti tano kwa saa", kosa ambalo limezeeka sana majaridani, kwa sababu noti yenyewe tayari ni maili moja ya baharini kwa saa, na ukiongeza "kwa saa" umesema jambo jingine kabisa.

Mitumbwi ya mbao yenye injini inayopakia abiria Kibirizi kwenda Gombe na Kagunga aliiita kwa neno lilelile, dhow, ambalo wageni hukiitia kila chombo cha Pwani, kana kwamba watu wa Pwani hawakuhangaika kutofautisha jahazi na mashua, dau na ngalawa, na hata mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba bila msumari. Hilo nalisamehe. Ni uvivu, lakini hakuna atakayezama kwa ajili yake.

La meli ya Liemba lilinikera zaidi, kwa sababu hapa Kigoma hata mtoto anayeuza karanga bandarini ana toleo lake la historia hiyo, na makala ilichagua toleo baya kuliko yote. Ilisema kwamba Waingereza waliizamisha meli hiyo kwa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakaiopoa. Ukweli ni kwamba meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa huku kwa reli ya kati, ikaunganishwa upya na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou, wakizipitisha nchi kavu kutoka Cape Town hadi ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Kongo, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi lao la majini. Boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916. Graf von Götzen hazikupigana nayo hata siku moja. Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, na mafundi wake waliipaka mitambo grisi kwanza, kwa matumaini ya kuirudia. Wabelgiji waliiopoa ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo grisi ndiyo hadithi yenyewe. Mtu anayesema meli ilipigwa mizinga amemnyang'anya msomaji sababu ya injini kufaa tena baada ya miaka minane majini.

Yote hayo, hata hivyo, nisingeyaandikia barua. Nilichoandikia barua ni sentensi moja iliyokuwa kwenye kisanduku pembeni, chenye ushauri kwa wanaotaka kuja na mashua zao. Ilisema kwamba miezi ya Juni hadi Agosti, kwa kuwa mvua hakuna, ndiyo miezi ya utulivu.

Yeyote aliyelala Kigoma mwezi Julai na dirisha linalotazama ziwa anajua kosa liko wapi. Mvua ni jambo moja na upepo ni jingine. Kuanzia kama Mei hadi Agosti, na mara nyingine hadi Septemba, ndipo upepo wa kusini-mashariki unapovuma kwa nguvu zaidi katika ziwa hili. Ziwa limelala kati ya kuta za Bonde la Ufa, refu na jembamba, na kuta hizo huuongoza upepo kama korongo linavyoongoza mafuriko. Kusini mwa Kigoma kuna zaidi ya kilomita 400 za maji, na wimbi hukua kwa kadiri upepo unavyopata nafasi ndefu ya kulisukuma, kwa hiyo wimbi linaloingia kwetu lilianza kunenepa mbali mno. Upepo huo una nguvu ya kusukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini hata yale ya chini yenye baridi yakapanda juu kule kusini. Masika nayo ina hatari yake, ya tufani fupi za radi zinazokuja bila kubisha hodi na kuondoka, lakini anayeshauriwa kuja Julai na mashua nyepesi kwa sababu anga ni la bluu anashauriwa vibaya. Anga la bluu ndilo linalowahadaa wageni. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza na tanga, nilitoka saa nne asubuhi ya Julai kuelekea Bangwe, anga safi kama sahani, na nilirudi nikiwa nimelala chini ndani ya mashua huku kijana niliyekuwa naye akikomba maji kwa kidumu kilichokatwa.

Niliandika barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza changu cha shuleni. Niliyapanga makosa yote: kina, maili, noti, meli, na la upepo nikaliweka mwanzoni kabisa, nikaeleza kwa nini. Baada ya wiki tano mhariri alijibu kwa heshima kubwa, akashukuru. Toleo lililofuata sikulipata kwa karatasi. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia picha ya ukurasa kwa simu. Masahihisho yalikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, katika ukurasa wa barua. Walisahihisha kina. Walisahihisha maili. Walisahihisha habari za meli kwa tarehe kamili, na hata nukta mbili juu ya herufi o katika jina la Götzen, ambazo sikuzitaja, walizirudisha. Upepo hawakuugusa.

Nilikasirika kwa siku kama mbili hivi, kisha nikaanza kufikiri kama mwalimu. Mtu aliyekaa ofisini London au mji mwingine wa mbali, ameletewa barua ya mwalimu wa Kigoma asiyemjua, atafanya nini? Kina cha ziwa kimo katika kitabu, atakifungua. Tarehe ya meli imo katika kitabu, ataifungua. Upepo wa Julai mbele ya Katonga hauko katika kitabu kilicho karibu na meza yake, na ili ajue ni nani mkweli kati yangu na mwandishi wake inambidi atafute mtu wa tatu anayeishi hapa na kumuuliza, na hapo gazeti linasubiri kwenda kiwandani. Basi wanasahihisha kinachosahihishika kwa kuketi. Kile kinachomhitaji mtu aliyeshika kamba kinaachwa, na bahati mbaya katika mambo ya majini hicho ndicho kinachoua.

Kama nalaumu bure, basi historia ya uandishi wa vyombo vya tanga inanisaidia kulaumu. Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la London liliandaa mashindano ya kuizunguka dunia kwa tanga, mtu mmoja peke yake, bila kusimama popote. Donald Crowhurst aliondoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba mwaka huo, wa mwisho kuondoka, kwa chombo ambacho hakikuwa tayari. Desemba zikaja habari kwamba amekwenda maili 243 za baharini kwa siku moja, rekodi, na magazeti yakazichapa kwa furaha. Hesabu ya kujumlisha na kutoa haikuwa na tatizo. Aliyetilia shaka ni Francis Chichester, mtu aliyekuwa ameizunguka dunia peke yake mwaka 1966 na 1967 kwa kusimama mara moja tu, kwa sababu alijua bahari hizo zinampa mtu nini na zinamnyima nini. Crowhurst alikuwa akitangaza safari ya uongo: hakuwa ametoka Bahari ya Atlantiki. Chombo chake kilikutwa kitupu Julai 1969, na madaftari yaliyokuwa ndani yalieleza mengine.

Upande wa pili wapo walioifanya kazi hii kama inavyotakiwa, na ningependa kuwataja kwa sababu kulalamika peke yake ni kazi rahisi. Maurice Griffiths, aliyekuwa mhariri wa jarida la Uingereza la Yachting Monthly kuanzia 1927 hadi 1967, akiacha miaka ya vita, alikuwa pia mbunifu wa mashua, na wasomaji wake walijenga kwa mikono yao vyombo alivyovichora. Mhariri wa aina hiyo akikosea sentimita moja, barua haimfikii kwa posta, inamfikia kwa chombo kinachovuja. Jarida hilohilo mwaka 2011 lilichukua mashua moja nzee ya futi arobaini na kuifanyia kwa makusudi kila balaa ambalo makala hulizungumzia kwa nadharia: waliikwamisha, waliipindua, waliuvunja mlingoti wake, waliiwasha moto, na mwisho wakailipua kwa gesi. Nadhani ile ni mojawapo ya kazi bora kabisa za uhariri, ingawa kwa macho ya mtu wa Katonga ni uharibifu wa mali usiosameheka. Fundi wangu alipoziona picha za mlingoti unaoangushwa kusudi alifumba macho.

Kuna pia Practical Sailor la Marekani, ambalo halipokei matangazo. Hilo si jambo dogo. Majarida mengi yanaishi kwa matangazo ya walewale wanaojenga mashua zinazopimwa kurasa chache mbele, na msomaji mzoefu hujifunza kusoma vipimo hivyo kama tunavyosoma barua ya posa: anatafuta kile ambacho hakikutajwa. Ikiandikwa kwamba mashua "ina tabia ya uchangamfu", ujue usukani wake ni mzito kuutuliza. Ikisifiwa meza, makochi na jiko kwa aya tatu, jiulize kwa nini hakuna aya hata moja kuhusu inavyobisha dhidi ya upepo. Jarida linalolipwa na msomaji peke yake linaweza kumwambia msomaji kwamba bawaba za mlango zinashika kutu.

Na kuna ripoti iliyotolewa baada ya mashindano ya tanga ya Fastnet ya mwaka 1979, yaliyokumbwa na tufani, ambapo kati ya mashua 303 zilizoanza zilimaliza 85 tu na mabaharia 15 walifariki. Siku za kwanza kila gazeti lilikuwa na sababu yake. Waliofanya uchunguzi waliwaandikia manahodha na mabaharia wenyewe, wakawauliza walikuwa wamepunguza tanga kiasi gani, walijifunga kwa kamba wapi, waliiacha mashua saa ngapi. Mashua 24 zilikuwa zimeachwa na watu wake, na nyingi kati yake zilikutwa baadaye bado zinaelea. Jambo hilo lilibadilisha ushauri wa kila jarida makini kuhusu lini mtu ahamie kwenye mashua ya mpira ya kujiokolea, na lilipatikana kwa kuuliza waliokuwapo.

Nisijitoe mimi. Katika maandishi yangu ya miaka ya nyuma nimeandika "noti sita kwa saa" mara mbili, na hakuna aliyeniambia. Niliwahi pia kuandika kuhusu dagaa nikasema wavuvi hupenda usiku wa mbalamwezi kwa sababu wanaona vizuri, wakati kila mtu hapa anajua ni kinyume: dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka taa inapoteza nguvu zake, ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika na bei sokoni hupanda. Nilijua hilo. Mke wangu anajua hilo kuliko mimi, maana yeye ndiye anayenunua. Niliandika tu kwa mkono unaokimbilia sentensi nzuri, na hapakuwa na mtu kati ya mkono wangu na msomaji.

Magazeti yetu ya Kiswahili yana ugonjwa wa namna hiyo kila ajali ya ziwani inapotokea. Chombo kilekile kinakuwa mtumbwi kwenye kichwa cha habari, boti katika aya ya kwanza na meli katika ya tatu. Mtu wa Bara anayesoma hawezi kujua kama ni watu kumi na wawili kwenye mbao au mia mbili kwenye chuma, na kama hajui hilo, hawezi kuuliza maswali ya maana kuhusu maboya, mzigo na ukaguzi. Maneno tunayo. Pwani wametuachia omo na tezi, foromali na demani, joshi na mkuku, na mafundi wa hapa wana yao ambayo bado sijayakuta katika kamusi. Ninachotaka ni mwandishi ashuke hadi Kibirizi, aulize chombo kinaitwaje, kisha aandike hivyohivyo tangu kichwa hadi mwisho.

Yale masahihisho ya jarida nilimpelekea fundi, nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza habari za futi na mita akitikisa kichwa kwa adabu, akafurahi kidogo kwa habari za grisi, kisha akauliza, "Na upepo?"

Nikamwambia upepo hawajauandika.

"Basi hawajakujibu."

Nimeandika barua ya pili. Safari hii nilikwenda kwanza Kibirizi nikakaa na manahodha watatu wa boti za abiria, nikawauliza mwaka jana walilazimika kulala njiani bila kufika mara ngapi, miezi gani, na upepo ulitoka wapi. Mmoja ana daftari ambamo huandika mafuta aliyonunua na safari alizoahirisha, na karibu zote alizoahirisha kwa sababu ya upepo ziko Juni, Julai na Agosti. Nilipiga picha kurasa tatu za daftari hilo kwa idhini yake, nikaziambatanisha. Kabla ya kuituma nilimsomea fundi barua nzima, nikiitafsiri kwa sauti huku yeye akichonga taruma. Nilipofika nilipoandika kwamba katika miezi hiyo upepo huvuma mchana kutwa, aliweka tezo chini. "Si mchana kutwa," alisema. "Alfajiri kuna nafasi. Watu wa Kagunga wanatoka lini, kama si alfajiri? Ukiandika mchana kutwa, mgeni akitoka alfajiri akakuta shwari atasema umemdanganya, na saa tano itamkuta katikati ya maji."

Nilifuta, nikaandika alivyosema. Barua imeondoka Alhamisi iliyopita.